Mgongo wa Bizimu

Nilirithi kopo la maziwa ya unga, limeota kutu mdomoni.
Ndani: vifungo saba, kitana kisicho na meno ya mbele,
na bizimu, limeviringishwa kwenye ankara ya umeme
ya nyumba iliyokwisha kubomolewa, Mtaa wa Swahili.

Kwetu hadithi yake ilinyooka kama rula:
mke wa daktari wa Kijerumani alilichomoa kifuani
siku meli yao inaondoka,
akampa mama yake Bibi Sikudhani, aliyemfulia nguo.
Kila msimuliaji alitia chumvi yake.
Mama Mkubwa Chiku alitia machozi.
Binamu Hemedi wa Mbagala alitia almasi.

Basi nikaenda Kisutu, dukani kwa Hansa binti Vrajlal,
nikaliweka juu ya kitambaa cha bluu, uso juu:
ua la fedha, majani sita, katikati kito chekundu.

Hansa akaligeuza.
"Uso ni wa wageni," akasema. "Mgongo hakuna aliyeupamba,
kwa hiyo hauna sababu ya kusema uongo."

Akabana lenzi jichoni. Feni ikalalamika.
Nje mtu alinadi soksi, jozi tatu elfu mbili.

"Kito ni kioo. Hilo tuliache, umeshakunja uso.
Muhuri huu, mia nane: fedha ya Ulaya, sawa, huenda ya Mjerumani.
Lakini tazama kifungio. Ya zamani yalikuwa na ndoano tupu,
pini inaingia na kutoka kama mgeni asiyebisha hodi.
Hiki kina kigurudumu cha kufungia. Kimekuja baadaye.
Ama kilibadilishwa, na risasi hii ni ya fundi wa bati,
ama meli yenu haikuondoka siku hiyo.
Kuapa, siapi."

Nikamwona yule mke wa daktari akipanda ngazi ya meli,
bizimu lake bado kifuani,
akienda zake bila shukrani zetu za miaka mia.

Kisha Hansa akanyamaza. Akawasha taa ya pili.
Nyuma ya jani la nne palikuwa na mikwaruzo,
midogo kama nyayo za sisimizi.
"Hizi ni tarakimu za Kigujarati," akasema polepole.
"Huu ni mkono wa baba. Saba yake ilikuwa na mkia.
Hizi ni namba za rehani."

Mara tatu limelala kwenye sanduku la Vrajlal.
Mara tatu limekombolewa.
Na daftari? Daftari lilichukuliwa na mvua za El Nino,
pamoja na madeni ya watu
ambao usiku ule walilala usingizi mzuri.

Rehani tatu. Nikahesabu vidole chini ya meza:
Mjomba Shomari, shule ya bweni, Tabora.
Mama Mkubwa Chiku, ukunga.
Mama yangu, kozi ya kupiga chapa.

Watoto wa Sikudhani walikuwa wanne.

"Na pini?" nikauliza, ili tu niseme kitu.
Hansa akaigusa kwa ukucha, akacheka puani.
"Pini gani? Hii ni spoku ya baiskeli.
Imekatwa, ikanolewa kwenye jiwe, siku nyingi.
Aliyeifanya si sonara. Lakini alikijua chuma."

Mjomba Kondo, kitinda mimba,
miaka arobaini chini ya turubai, Buguruni kwa Mnyamani,
karai la maji ya kutafutia pancha, grisi hadi viwikoni.
Mjomba Kondo, ambaye kwenye hati zote za ukoo wetu
jina lake ni dole gumba.

Hakuna aliyewahi kuniambia alilishika lini,
wala bibi alimwitaje siku hiyo,
wala kama alilipwa.

"Niandike mwaka gani?" Hansa akauliza, kalamu juu ya risiti.
Nikamwambia aache wazi.

Nikalibandika kwenye kola, nikavuka kuelekea Mnazi Mmoja.
Spoku ilinichoma kidogo, hapa, chini ya mtulinga.
Sikuisogeza.